Nilivyochapa Mtihani Wangu Nimefungwa Kitenge Machoni

Kila mnapokuja hapa barazani kwangu Buzuruga na madaftari yenu ya Kiingereza, kabla hata shikamoo haijatua, swali lenu huwa moja tu: "Bibi, unafikiri kitatoka nini?" Mtihani ukiwa wiki ijayo, kitatoka nini. Mtihani ukiwa mwakani, kitatoka nini. Kwa kuwa nilistaafia ofisi ya shule, mnadhani pua yangu bado inanusa mitihani ikipita barabarani!

Basi leo nawajibu, na nawajibu kwa furaha, maana habari hii kila nikiikumbuka inaninyanyua kwenye kiti. Mimi niliwahi kuchapa mtihani wa Kiingereza kwa mikono yangu hii, nakala za darasa zima, halafu kesho yake asubuhi nikakaa kwenye dawati kuufanya. Na nilikuwa sijui hata neno moja lililomo. Msicheke kwanza. Kaeni.

Nilikuwa mpiga chapa wa shule moja ya sekondari kule upande wa Kirumba. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba na kozi ya taipureta niliyofundishwa na masista wa kanisani. Taipureta niliijua! Ukiniwekea karatasi ya Kiingereza mbele yangu, vidole vilikimbia kama kuku walioona punje za mtama. Lakini kichwani kimya. Niliandika Kiingereza kuanzia asubuhi mpaka jioni, barua za Mkuu wa shule, mazoezi, mitihani, na sikuelewa zaidi ya salamu. Vidole vyangu vilisoma sekondari, mimi mwenyewe nikabaki nje ya geti.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, mji umechangamka ajabu. Vitu tulivyokuwa tunavipangia foleni vikajaa madirishani. Mitumba ilitandazwa mpaka njiani. Viwanda vya samaki vinafunguliwa ufukweni mwa ziwa, magari yenye barafu yanapishana, na kila nguzo Kirumba imepigiliwa kibao cha tuisheni: Hisabati, Kiingereza, Kiingereza, Kiingereza. Kila mtu alikitaka. Wa kiwandani alikitaka, wa dukani alikitaka, hata kijana wa kuuza soksi alikuwa anawaitia wateja kwa maneno mawili matatu ya kuokoteza. Nami nilikuwa binti mwenye ndoto nyingi kuliko viatu. Kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba siku moja nisome kile ninachokiandika.

Sasa nyinyi mnaobonyeza kitufe na karatasi ikatoka, ngoja niwaeleze kazi yenyewe. Kulikuwa na kitu kinaitwa stensili, karatasi laini iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, unapiga herufi kavukavu, kila herufi inachana ile nta. Ukikosea unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena juu yake. Ukimaliza unaivisha stensili kwenye mashine ya kudurufu, unatia wino, unazungusha mkono wa mashine, na karatasi zinatoka upande wa pili: fya, fya, fya! Mashine yetu ilikuwa na hasira. Ukienda haraka inameza karatasi mbili mbili, ukienda polepole inazipaka wino kama mtoto aliyelamba uji. Hakuna aliyepatana nayo isipokuwa mimi. Si kwamba nilikuwa fundi, ni mazoea tu. Kuna ng'ombe hukubali kukamuliwa na mtu mmoja, wengine wote anawapiga teke. Ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Magesa, Mjita wa kule Mara kando ya ziwa, mwembamba, koti la mtumba linamzidi mabega, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Vitabu vya Kiingereza shuleni vilikuwa vichache, wanafunzi wanakizunguka kimoja kama wanaota moto. Tena ndani yake zilikuwa habari za theluji na treni na watu wanaokunywa chai bustanini. Mwalimu Magesa akaviweka pembeni. Akaanza kutunga mwenyewe habari za ufahamu kwa ajili ya kazi za nyumbani: habari za mvuvi wa sangara, za mzee wa Magu na ng'ombe zake, za mama anayeanika dagaa. Ananiletea kwa mwandiko wake, nami nachapa.

Ila stensili zilikuwa za kubana. Kwa kila kazi ya nyumbani tulipewa moja, na maswali yalitakiwa yakae chini ya karatasi hiyohiyo. Kwa hiyo Mwalimu Magesa alikuwa anatunga habari, inanoga, inanoga, halafu pale nafasi ilipoishia anakata. Panga! Chini yake: jibu maswali yafuatayo.

Hapo ndipo mama yangu alipoingia.

Mama alikuwa muuza dagaa pale sokoni Mwaloni. Hakujua kusoma, ila kwa maswali alikuwa hashindiki. Nakala zilizoharibika mwanzoni, zile zenye wino hafifu, nilikuwa nazibeba nyumbani kuwashia jiko la mkaa. Jioni moja namkuta mama ameshika moja mkononi, anaitazama.

"Kabula, hii si kazi yako?"

"Ni yangu, mama."

"Inasema nini?"

"Sijui, mama. Ni Kiingereza."

"Umeiandika wewe, halafu hujui inasema nini?" Akaipeleka karibu na moto, akairudisha. "Siwashi jiko kwa kitu nisichokijua. Nenda kaulize."

Kesho yake nikamfuata Mwalimu Magesa wakati wa mapumziko, nikamwomba anieleze habari ile. Akanieleza sentensi kwa sentensi, nami nikawa naweka kidole. Ilikuwa ya mzee aliyeibiwa ng'ombe usiku, akafuata nyayo asubuhi mpaka kwenye mto uliojaa, akawaona ng'ombe wake wako ng'ambo. Basi. Jioni nikamsimulia mama huku anakoroga mboga.

"Enhe?" akasema.

"Imeishia hapo."

"Imeishia hapo vipi? Akavuka?"

"Karatasi imeishia hapo, mama."

"Karatasi imeishia hapo, na ng'ombe je?" Mwiko juu! "Mtu unamfikisha mtoni, ng'ombe anawaona, halafu unamwacha amesimama na maji magotini? Huyo mwalimu wako ana roho gani?"

Nikarudi kwa Mwalimu Magesa. "Mwalimu, mama anauliza kama ng'ombe walipatikana."

"Ng'ombe gani?" Akakumbuka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwambie mama hata mimi sijui! Nafasi iliisha." Halafu akanitazama. "Wewe unaonaje? Walipatikana?"

"Mimi nataka wapatikane."

"Basi kaandike. Kwa Kiingereza. Niletee kesho."

Wanangu, hiyo ndiyo kazi yangu ya nyumbani ya kwanza ya Kiingereza. Nilikuwa mtu mzima mwenye ajira. Niliandika sentensi tatu, na karatasi iliporudi ilikuwa nyekundu kuliko ile dawa ya stensili. Lakini chini ameandika: ng'ombe wamefika, andika nyingine. Nilitembea kutoka shuleni mpaka nyumbani bila kukumbuka nimepita wapi.

Tangu hapo kila kazi ya nyumbani ya kidato cha tatu niliifanya na mimi. Nilikuwa na namna yangu, na hiyo ndiyo ninayowafundisha hapa mkanuna. Kwanza, habari uisome kwa sauti, hata kama huelewi, mpaka ulimi uache kujikwaa. Pili, usikimbilie kamusi. Zungukia lile neno gumu kwanza, angalia limekaa na nani. Halafu, hili ndilo kubwa, msimulie mtu habari yote kwa lugha ya nyumbani, mtu asiyekuonea aibu. Ukikwama katikati ya kusimulia, pale ulipokwama ndipo hukuelewa. Kamusi haiwezi kukuonyesha mahali hapo. Mama alikuwa ananionyesha kila siku. "Subiri, huyo mtu alikuwa amekaa, sasa mbona amefika sokoni?" Narudi kusoma, naona kweli, nimeruka mstari. Na mwisho kabisa, kwa kuwa mama hakubali kulala na habari iliyokatwa, nilikuwa natunga mwisho wake, kwa Kiingereza kwanza, kwenye karatasi, halafu namsimulia.

Mnasema insha ni ngumu. Mimi insha nilijifunza kwa sababu kuna mtu alikuwa ananisubiri na mwiko!

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na darasa la watu wazima mjini, linaanza alasiri, la kuwaandaa wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea. Ili kuliwahi ilibidi nitoke kazini saa nane mchana. Nikajikaza nikaenda kwa Mkuu wa shule. Alikuwa mtu mkubwa, hacheki, zamani naye alifundisha Kiingereza.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Kabula. Mashine imekufa?"

"Hapana, Mkuu."

"Karatasi zimeisha?"

"Hapana."

"Sasa umefuata nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza huku anafunga kalamu yake na kuifungua.

"Kila mtu mji huu siku hizi anataka ruhusa," akasema. "Mmoja anataka kwenda kuuza mitumba, mwingine ana mgeni stendi. Nikikuruhusu wewe, nani atapiga chapa mchana? Nitajuaje kama unaweza, kama hupotezi muda wako na wangu?" Akafikiri. "Mwisho wa muhula kidato cha tatu wana mtihani wa Kiingereza. Kaa nao. Ukipata C, saa nane ni yako mpaka utakapomaliza masomo. Usipopata, utakaa na mashine yako, na habari hii usiniletee tena hapa."

Nikatoka nje nikaruka! Kisha nikasimama katikati ya uwanja kama nimemwagiwa maji. Mtihani wa kidato cha tatu anauchapa nani? Mimi.

Na wanafunzi hawakuchelewa kuliona hilo. Kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Maduhu, mtoto wa wafugaji, mrefu, mdomo wake haukujua mlango. Siku Mwalimu Magesa alipoliambia darasa kwamba nitafanya nao mtihani, Maduhu akasimama.

"Mwalimu, samahani. Dada Kabula ni dada yetu, tunampenda. Lakini maswali si yanapita mikononi mwake? Yeye ataonja mboga jikoni, sisi tusubiri mezani?"

Darasa likalipuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na rimu ya karatasi, masikio yakawaka moto. Si kwa hasira, maana alikuwa amesema kweli. Hata nikipata A, itakuwa A ya kunuka.

"Nitauchapa mwenyewe kwenye stensili," akasema Mwalimu Magesa.

"Sawa, Mwalimu. Na kudurufu je? Ile mashine si mara ya mwisho ilikung'ata koti?"

Kicheko tena. Ni kweli ilimng'ata, kifungo kikabaki ndani.

"Basi, labda," akasema Maduhu, anataka kuwachekesha wenzake zaidi, "labda azungushe amefungwa macho!"

Wakapiga meza. Maduhu naye akainama kwa heshima kama mwanasiasa. Lakini Mwalimu Magesa hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kabula," akasema, "unaweza?"

Nikaitazama mikono yangu. Mashine ile nilikuwa naisikia zaidi ya kuiona. "Nafikiri naweza, Mwalimu."

"Haya! Maduhu, wewe ndiye utakayemfunga hicho kitambaa."

Siku ya kuandaa mtihani nilitolewa ofisini mwangu kama mgeni. Nikakaa nje karibu na bomba la maji, nasikia Mwalimu Magesa anapiga chapa kwa vidole viwili. Ta. Kimya. Ta ta. Kimya kirefu. Kisha: TA! Kila akipiga kwa nguvu hivyo moyo wangu unaruka, maana stensili haipendi kupigwa, unatakiwa uiguse tu kama unaamsha mtoto. Nikapiga kelele kutoka nje, "Mwalimu, taratibu!" Akajibu, "Usisikilize herufi!" Wanafunzi waliokuwa wanachota maji wakacheka mpaka ndoo ikamwagika.

Akamaliza. Akaivisha stensili mwenyewe, akafunika na gazeti. Mimi nikaingia na kitenge cha mama, kile cha kijani alichokuwa anajitandia Mwaloni, kinanuka dagaa. Maduhu akanifunga, akavuta fundo mpaka nikasema yala!

"Unaona vidole vingapi, dada?"

"Sioni hata mkono, Maduhu. Nasikia tu umekula vitunguu."

Kidato cha tatu kizima kilikuwa kimejaa dirishani. Giza langu lilikuwa la harufu: wino, mafuta ya mashine, dagaa wa mama. Nikapapasa. Karatasi nikazipepeta kwa vidole zisishikane, nikazilinganisha kingo kwa kuzigonga mezani. Nikashika mkono wa mashine. Fya. Fya. Nikasikia sauti ya tatu imekuwa nzito, nikapunguza.

"Wino umefifia!" akasema Mwalimu Magesa.

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Sisi si tumesimama pamoja?"

"Mwalimu, mimi sikuoni!"

Dirishani wanakufa kwa kicheko. Nikatia wino kwa kukadiria, ukanimwagikia vidoleni, nikajifuta jasho, nikasikia "Ooo!" ya darasa zima, nikajua nimejipaka usoni. Halafu Maduhu, yuleyule, akaanza kupiga ukuta kwa kiganja, mwendo wa mashine, fya, fya, na wenzake wakafuata wanaitikia kama wako kwenye ngoma ya mavuno. Nami nikazungusha! Wanangu, sijawahi kuifurahia kazi kama siku ile. Mashine haikumeza karatasi hata moja. Ngoma ile ilikuwa inaniambia niende mwendo gani.

Mwalimu Magesa alipochukua nakala zote akazifunga, akaibandua stensili akaichoma palepale uwanjani mbele ya watu. Ndipo Maduhu akanifungua. Akanitazama uso.

"Dada Kabula," akasema, "sasa umekuwa kopi yenyewe."

Wino wa kudurufu hautoki. Nilijisugua kwa sabuni, nikajisugua kwa mafuta ya taa, uso ukasafika kidogo, vidole vikagoma. Asubuhi nikaenda kwenye mtihani na vidole vyeusi kama nimesugua sufuria. Mama aliniambia neno moja tu mlangoni: "Ukikuta habari, isome mpaka mwisho." Nikamwambia, mama, hazinaga mwisho. Akasema, "Basi utajua wewe."

Karatasi ikaja. Nikaigeuza. Na kabla ya yote nikacheka kwa sauti, msimamizi akanikodolea macho. Kila herufi ya duara Mwalimu Magesa alikuwa ameitoboa kwa ile nguvu yake, zote zimejaa wino, karatasi nzima ina madoadoa meusi kama imemwagiwa pilipili manga. Hofu ikaniisha. Hii ilikuwa kazi ya mtu ninayemjua, kutoka kwenye mashine ninayoijua.

Nilifanya kama ninavyowaambieni mfanye kwenye mtihani: nikasoma maswali kwanza, ndipo habari, ili macho yajue yanatafuta nini. Habari yenyewe ilikuwa ya mwanamke anayempelekea mgonjwa chakula. Mtoto wake amelazwa hospitali ng'ambo ya Sengerema, yeye yuko upande huu amebeba chakula, anafika kivukoni anakuta kivuko ndiyo kwanza kinaanza kuondoka, wanapandisha mlango, anapunga mkono, anapiga kelele, na baharia mmoja anageuka kumtazama. Basi. Panga! Nafasi iliisha.

Ufahamu nikaujibu. Ufupisho ulinisumbua, siwadanganyi, nilifupisha mpaka nikabakiza habari isiyo na mtu. Nikafika kwenye insha. Kuchagua mada moja. Ya kwanza, faida za michezo. Ya pili, siku ya harusi. Ya tatu: endeleza habari uliyoisoma hapo juu, mpaka mwisho wake.

Jamani! Nilihisi kama mama ameingia chumbani na mwiko. Mkono ulianza wenyewe. Sikutafuta maneno makubwa, niliandika yale niliyoyajua, mafupi, moja baada ya jingine. Yule baharia nilimpa mama yake anayeuza dagaa, ili ajue sauti ya mama anayeita. Alivyoisikia ile sauti, akawaita wenzake waushushe mlango. Niliandika mpaka kengele, na karatasi nikamsogezea msimamizi bila kuiangalia.

Sasa, ili Maduhu na wenzake wasiwe na la kusema, tuliandika namba, si majina. Mwalimu Magesa akakaa kusahihisha. Akafika kwenye karatasi moja: pembeni, chini, kila ukurasa, alama ya dole gumba jeusi! Ungedhani nimetia sahihi polisi. Namba ilikuwa na faida gani? Aliniambia baadaye kwamba alitamani sana kuisoma, akaiweka chini, akaiinua, akaiweka. Kisha akaipeleka kwa Mkuu wa shule. "Hii siwezi kuisahihisha," akasema, "mkono wangu utaegemea upande mmoja. Isahihishe wewe."

Yaani karatasi yangu ikaangukia kwa yule yule asiyecheka.

Siku ya kuitwa nilikuta Mwalimu Magesa amesimama ukutani, ameshika kifungo cha koti, kile kipya alichoshonea. Mkuu ameitandaza karatasi mezani.

"Hii ni karatasi ya mtihani," akasema, "au ni ya fundi gereji?"

"Ni wino, Mkuu. Ulikataa kutoka."

"Ufupisho wako ni mbaya."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nyakati umezichanganya. Mtu anavuka jana, anafika kesho, anashukuru leo."

"Ndiyo, Mkuu." Sauti yangu ilikuwa imeshakimbilia mlangoni.

Akageuza ukurasa wa insha. Nikaona midomo yake inatembea, anaisoma tena. "Nani alikufundisha kumalizia habari namna hii?"

"Mama, Mkuu. Anapenda zifike mwisho."

"Anajua Kiingereza?"

"Hata kidogo."

Akavua miwani. Sijui kama alicheka, maana sikuwa nakijua kicheko chake, lakini kuna kitu kilitikisika kwenye yale mabega. "C," akasema. "Iko chini kabisa ya C, kama ina mguu mmoja nje. Lakini imeingia. Kuanzia Jumatatu, saa nane, nenda. Na asubuhi uje mapema."

Mwalimu Magesa alipiga kelele kabla yangu! Kifungo kikang'oka tena.

Nilikimbia. Kutoka shuleni mpaka Mwaloni, na viatu vya ofisi, katikati ya mikokoteni na magunia na akina mama wanaobishania vipimo. Nikamkuta mama ameinama anageuza dagaa kwenye nyavu.

"Mama! Nimepata!"

"Umepata nini?"

"C!"

Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Hiyo ndiyo ya kukuruhusu?"

"Ndiyo hiyo!"

"Wabeja," akasema kwa Kisukuma chetu, anamshukuru Mungu, akajifuta macho kwa kona ya kile kitenge cha kijani, doa la wino limebaki katikati mpaka leo, ninacho kabatini. Kisha akanishika mkono, ule mweusi. "Haya. Habari ilikuwa ya nani?"

Nikamweleza hapo hapo, nimesimama kwenye mchanga, kutoka mwanzo. Mama wa jirani akaacha kugeuza dagaa zake, na mwingine akasogea na ndoo. Nikafika pale mlango wa kivuko unapandishwa na yule mwanamke anaita, chakula kinapoa kichwani. Nikavuta pumzi.

"Kabula!" mama akafoka. "Usiniambie karatasi iliishia hapo!"

"Iliishia hapo, mama. Lakini mimi sikuishia hapo."

"Enhe? Alivuka?"

"Alivuka."

Masomo yale niliyamaliza, na mtihani wa kidato cha nne nikaufanya, na Mwalimu Magesa alinipa kila kazi ya nyumbani aliyotunga mpaka alipohamishwa kwenda kwao. Kila mara nilipokuwa na mtihani wa kufanya na wa kuchapa kwa wakati mmoja, nilifungwa kitenge. Ikawa ndiyo desturi ya shule, hata ilipokuja mashine ya fotokopi, wanafunzi wapya waliambiwa na wakubwa zao: huyo mama anaweza kuchapa bila macho. Nikapanda kazi, nikawa katibu muhtasi, nikasoma nilichokiandika mpaka siku niliyokabidhi ufunguo.

Kwa hiyo kitakachotoka wiki ijayo sikijui, na hata kingepita mikononi mwangu nisingekijua. Haya, funueni huo ukurasa. Wewe wa mwisho hapo, anza kusoma, kwa sauti, halafu unisimulie. Mimi nimeshakaa. Na ole wako uniache kivukoni.